Kiti Nilichokikwangua

Karakana yangu iko Mtendeni, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga. Natengeneza vitanda, makabati na fremu za milango kama mafundi wengine wa Tabora, lakini watu wananijua zaidi kwa vitu vya zamani. Kasha la bibi likivunjika bawaba, linaletwa kwangu. Mlango wa nakshi ukiliwa na mchwa kule chini, naitwa mimi. Kazi hii niliirithi kwa baba. Baba alifundishwa na seremala wa Kihindi aliyekuwa na duka Kanyenye, mtu ambaye mimi sikumkuta; nilikuta patasi zake sita tu, na bado nazitumia.

Baba alikuwa na kanuni moja. Kitu cha zamani kikifika kwa fundi, kazi ya fundi ni kukirudisha kama kilivyokuwa siku ya kwanza. Shaba ing'ae, mbao zionyeshe mistari yake. "Uchafu ni uchafu," alikuwa akisema, "hauwi mali kwa kukaa miaka mingi." Nilifanya kazi kwa kanuni hiyo zaidi ya miaka thelathini na sikuona ubaya wake, kwa sababu makasha hayaipingi. Kasha la Kihindi lenye misumari ya shaba lilitengenezwa ling'ae. Aliyelinunua zamani alitaka mgeni akiingia chumbani kwa bibi harusi alione kabla ya kuona kitanda. Ukilisugua hadi ukajiona usoni mwake, umelitendea haki.

Mwaka juzi, msimu wa tumbaku ulipokwisha, alikuja mkulima mmoja kutoka Usoke na pikapu yake. Mtu wa makamo, mcheshi, mwenye kofia ya kampuni ya mbolea. Nyuma ya pikapu alikuwa na kitu kilichofungwa kwa khanga mbili. Alikifungua juu ya benchi langu, nikaona kiti.

Nilikuwa nimesikia habari za viti vile, na nilikwisha kuona kimoja kwa mbali nikiwa kijana. Kilikuwa cha miguu mitatu na mgongo mrefu, na chote, kuanzia miguu hadi ncha ya mgongo, kilichongwa kwenye gogo moja la mninga. Hakikuungwa popote. Hapakuwa na gundi wala msumari. Nyuma ya mgongo, upande ambao aliyekaa haoni, palichongwa mtu: kichwa kidogo cha mviringo, macho mawili yaliyotobolewa, mikono imenyooka ubavuni. Kiti chote kilikuwa cheusi kwa moshi, na kwenye kikalio na mabega ya yule mtu palikuwa na gamba la rangi ya kijivu, limepasukapasuka kama tope lililokauka.

"Kilikuwa cha babu yangu," alisema. "Alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Mguu huu umepasuka. Nimejenga nyumba mpya, nataka kukiweka sebuleni."

"Mguu nitauweza. Na huu uchafu?"

Aliutazama kana kwamba alikuwa hajauona kabla.

"Safisha tu, fundi. Kipendeze."

Mguu ulinichukua asubuhi moja. Nilitoboa ndani, nikapitisha kijiti cha mninga, nikakigandisha kwa gundi na kuufunga mguu kamba hadi ukakauka. Kazi ya kusafisha ndiyo iliyokuwa kazi. Msasa ulijaa masizi mara moja, kwa hiyo nikachukua kipande cha kioo, nikakwangua kidogo kidogo kufuata mistari ya mti. Lile gamba la kijivu lilikuwa tabaka juu ya tabaka. Kila nikitoa moja nakuta jingine chini yake, jembamba, na katikati masizi. Nilidhani kuku walilala juu ya kiti kile kwa miaka mingi. Siku ya pili mti mwekundu ukatokea, na sitaficha, nilifurahi sana. Nilipiga vanishi mara nne. Nilikipiga picha kwa simu nikamtumia mwenyewe, naye akanirudishia madole gumba matatu. Majirani walisimama mlangoni kukitazama. Muuza maandazi wa nyumba ya pili alisema kiti kama kile angekikalia hata yeye.

Siku ya kukichukua, yule mkulima alikuja na shangazi yake. Alikuwa mama mzee mwembamba, mwenye rozari shingoni, anayetembea bila fimbo. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Karibuni."

Nilikuwa nimekifunika kwa shuka safi ili nikifunue mbele yao. Nilifunua. Mkulima akapiga makofi. Shangazi yake alikisogelea. Alikizunguka, akainama nyuma ya mgongo kumtazama yule mtu, akaweka kiganja juu ya kikalio na kukiacha pale. Halafu akainamisha uso, akanusa.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Akina nani, mama?"

"Wazee."

Nilimtazama mpwa wake, nikidhani pengine mama amechanganya mambo kwa sababu ya umri. Naye alikuwa anatazama chini. Shangazi akavuta benchi dogo, akakaa, akanieleza, taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayechagua maneno ili asikosee.

Alisema kiti kile hakikuwa cha kukalia kila siku. Mkuu alikikalia siku ya kukabidhiwa ukoo na siku ya kuamua jambo zito. Yule mtu wa nyuma hakuwa sura ya mtu fulani. Walikuwa wote waliotangulia, na walichongwa nyuma ili anayeamua ajue kwamba kuna wanaomtazama mgongoni. Alipokufa mkuu, kiti kiliwekwa ndani, karibu na moshi. Kila mtoto wa ukoo aliporudi kutoka safari, kila mtoto alipozaliwa, kila msiba ulipopita, unga wa mtama ulikorogwa kwa maji na kumiminwa kidogo juu ya kikalio na juu ya mabega ya yule mtu, na jina likatajwa. Unga ule haukufutwa kamwe. Uliachwa ukauke.

"Tabaka la juu kabisa," alisema, "alilimimina kaka yangu, baba yake huyu, aliporudi kutoka hospitali Mwanza. Alimimina kwa mkono wake. Baada ya mwezi akafa."

Mkulima alivua kofia yake. Nadhani hakuwa anajua. Alisoma shule ya bweni, aliniambia baadaye, na mambo ya ndani ya nyumba ya shangazi hakuyafuatilia.

Nilisema, "Samahani, mama," na neno hilo likasikika dogo mno pale karakanani. Hakunigombeza. Alichouliza ni kile ambacho hadi leo nikikikumbuka najisikia vibaya.

"Ulichokikwangua umekiweka wapi?"

Takataka zangu zote za mbao huwa nampa yule jirani muuza maandazi. Anazishindilia kwenye jiko lake la pumba. Nilitoka mbio hadi kwake. Nilimkuta anaosha karai.

"Ile pumba niliyokupa juzi, ile nyeusi, imebaki?"

"Nimeshapikia, kaka. Iliwaka vizuri. Kwani vipi?"

Nilirudi nikasema ukweli. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Aliomba kitambaa, nikampa, akachukua msumari mwembamba kutoka kwenye kopo langu, akaanza kuchokoa ndani ya macho ya yule mtu, mahali kioo changu hakikufika. Alipata chembe chache, kama chumvi chafu. Akazifunga kwenye kona ya kitambaa na kukitia kifuani. Wakaondoka na kiti.

Nilifunga kazi mapema siku ile. Mama yangu anaishi na mimi. Ni mzee kuliko yule shangazi, lakini masikio yake bado mazima na uso wangu anaujua. Nilimsimulia. Hakunipa pole. Alinituma nimshushie bakuli lililo juu ya kabati.

Bakuli lile nimelijua tangu utoto. Ni la Kichina, jeupe, lenye maua ya buluu na samaki wawili, na limepasuka zamani likashonwa kwa pini za waya, kazi ya fundi ambaye sina hakika kama leo yupo mwenziwe Tabora nzima. Lilikuja kutoka pwani enzi za misafara. Kwetu husemwa kwamba lilipanda hadi hapa kichwani mwa mtu, ndani ya kapu la majani makavu. Mpagazi huyo hatujui alikuwa nani, lakini wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo yawezekana alitoka upande uleule wa Usoke. Siku moja mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Arusha alilishika, akasema samaki wawili kwa Wachina ni neema, tena ni zawadi ya harusi. Mama akamjibu, "Huko kwao ni hivyo. Hapa ni bakuli la kombe." Hakuliuza.

Sasa alilipakata mapajani akaligeuza nilione kwa ndani. Kuna doa la njano kule chini, limeingia hadi kwenye nyufa.

"Umewahi kuniambia nilitie dawa ya kufulia doa hili litoke," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hili ni zafarani. Ulipougua surua, babu yako alikuandikia kombe humu, aya kwa zafarani na marashi, akaziosha kwa maji, tukakunywesha. Dada yako vilevile. Na yule uliyemfuata, ambaye hakupona. Doa la nani ni lipi, sijui. Lakini wote wamo." Akanirudishia bakuli. "Mimi si mtu wa mizimu, wala wewe. Lakini yule mama namwelewa. Nenda Usoke ukamwombe radhi kwao. Radhi ya karakanani haitoshi."

Nilimpigia mkulima simu. Alisema shangazi alikuwa amekwisha kupanga siku ya kukirudisha kiti mahali pake na ukoo umeitwa. Alimuuliza shangazi kama nije, kisha akanipigia tena: "Anasema uje. Anasema usije mikono mitupu. Njoo na vifaa."

Sikuelewa, lakini nilibeba mkoba wangu wa kazi.

Niliondoka na basi la asubuhi. Nyumba ya shangazi iko nje kidogo ya Usoke, ng'ambo ya reli, na nyuma yake kuna mabanda mawili ya kukaushia tumbaku. Palikuwa na watu kama ishirini, wengi wao wanawake, na hapakuwa na ngoma wala pombe. Nilimwamkia shangazi kwa Kinyamwezi changu kibovu, "Mwangaluka, mayu," akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kifuani, chini ya rozari, alikuwa amevaa kisahani cheupe cha kombe la baharini kilichotobolewa katikati. Ile ndiyo iliyokuwa alama ya utawala kwao. Nilishangaa kwamba watu wa bara kabisa, walio mbali na maji ya chumvi kiasi hiki, alama yao kubwa ilitoka baharini. Nilimuuliza.

"Ndiyo maana ilikuwa kubwa," alisema. "Kwa kuwa haipatikani hapa. Mtu alikwenda kwa miguu kuifuata, akarudi."

Nilimuuliza pia, kwa kuwa nilikuwa nimeiona rozari, kama padre hagombi. Akasema padre anamjua na Jumapili hakosi. "Hawa siwaabudu. Ni wazazi wangu. Mzazi akifika kwako hupewa maji. Au ninyi Waislamu wazazi wenu mnawanyima?"

Nikasema hatuwanyimi. Kisha nikamwomba radhi mbele ya wote, kwa maneno machache niliyokuwa nimeyapanga ndani ya basi. Wazee wawili waliitikia kwa pamoja. Nilidhani jambo limekwisha, nikasogea pembeni nikae.

Kiti kilikuwa katikati ya chumba, kinang'aa. Shangazi alikoroga unga wa mtama kwenye kibuyu kilichokatwa nusu. Kwanza alifungua kile kitambaa na kuzitia zile chembe zote ndani ya mchanganyiko. Akataja jina la baba yake, akamimina.

Unga haukushika. Vanishi yangu ilikuwa nzuri mno. Maji yaligawanyika matone matone juu yake, yakatiririka, na unga wote ukaishia kwenye sinia aliyokuwa ameiweka chini ya kiti. Akamimina tena, juu ya mabega ya yule mtu. Ukateleza vilevile. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Shangazi aliniangalia, bila hasira.

"Ndiyo maana nilisema uje na vifaa, fundi. Nilijaribu kwa maji matupu wiki iliyopita."

Nilikitoa kiti nje, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kukiondoa kile nilichokuwa nimejivunia. Thina kwanza, kisha kioo, kisha msasa laini. Walitoka wakaja kukaa karibu. Nimefanya kazi mbele ya watu maisha yangu yote, lakini sijawahi kutazamwa namna ile, na watu ishirini wasioniharakisha. Nilipofika mgongoni, mzee mmoja alikuja akashika upande wa pili kiti kisiyumbe. Shangazi alikuwa akitaja majina ya watu kwa mpwa wake, nani alizaa nani, nani alikwenda Kigoma asirudi, na mkulima alikuwa anarudia baada yake kama mtoto wa darasa la kwanza, anakosea, anasahihishwa. Jua lilipita juu ya vichwa vyetu. Niliomba ruhusa, nikaenda kuswali adhuhuri nyuma ya banda, nikarudi kumalizia.

Mti ulipobaki mtupu, niliwaambia kwamba mti mtupu utapasuka ukiachwa hivyo. Mama mmoja akaleta mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya soda. Niliyapaka kwa mkono, mara moja tu, membamba, nikasubiri mti uyanywe.

Tukaingia ndani. Safari hii shangazi aliurudisha unga wa kwenye sinia ndani ya kibuyu, akampa mpwa wake. Mkulima alitaja jina la baba yake, akamimina. Unga ukashika. Ulitulia juu ya kikalio kama uji mwepesi, ukaingia kwenye mistari ya mti, ukabaki. Wakafuata wengine mmoja mmoja. Mimi sikumimina na hakuna aliyenitaka nimimine. Kazi yangu ilikuwa kukibeba kiti hadi chumba cha ndani na kukiweka karibu na mafiga, mgongo ukielekea ukutani. Nilikibeba kwa mikono miwili na kukiweka polepole ule mguu usipate mshtuko.

Baadaye tulikula wali na kuku aliyechinjwa na Mwislamu jirani. Walikuwa wamemtafuta kwa ajili yangu bila kuniambia. Mkulima alinisindikiza hadi kituoni. Njiani alisema sebuleni ataweka picha ya kiti, ile niliyokipiga mimi kikiwa kinang'aa, na chenyewe kitabaki kwa shangazi.

"Na siku shangazi asipokuwepo?" nilimuuliza.

"Nitajenga jiko la mafiga nyuma ya nyumba," alisema. "Mke wangu ameshacheka sana. Lakini kitahitaji moshi."

Mwaka uliofuata niliitwa Usoke kuweka fremu za milango ya shule, nikapita kumsalimia shangazi. Macho yalikuwa yamepungua nuru, alinijua kwa sauti. Kiti kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na juu ya kikalio nilihesabu tabaka tatu. Moja lilikuwa la mjukuu aliyezaliwa, la pili la mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam. La tatu hakuniambia na sikuuliza.

Siku hizi kitu cha zamani kikiletwa karakanani sishiki kioo kabla ya kuuliza. Nauliza kilitumiwaje, nani alikitumia mwisho, na kama kuna lolote juu yake ambalo lisitolewe. Wengine hawajui, huwa nawarudisha kwao wakaulize. Mafundi wenzangu wanasema nimekuwa karani.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa Kanyenye na mrashi, ile chupa ya fedha yenye shingo ndefu ya kunyunyizia marashi harusini na msibani. Bibi yake aliletewa kutoka Bombay. Ulikuwa mweusi tii, hata nakshi hazionekani. Niliuweka juu ya meza, nikamketisha, nikaanza maswali yangu. Weusi huu ni wa nini? Una maana yoyote kwa familia? Kuna aliyesema usiguswe?

Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Fundi, huo umekuwa mweusi kwa uvivu wangu tu. Bibi alikuwa anausugua kila Ijumaa kwa ndimu na majivu, na angekuwa hai angenichapa. Nina harusi ya mwanangu Jumamosi. Nasafishiwa au sisafishiwi?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Nikauliza tena mara moja, kwa kuhakikisha, kisha nikachukua ndimu.